Betri mpya, stata nyingine, na Probox bado linagoma: tafuta ethi kwanza

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Probox la gia za mkono, nabebea samaki kutoka Bagamoyo kuja Dar. Mwezi uliopita giaboksi ilishushwa kubadilisha klachi. Tangu hapo gari linawaka linapotaka. Asubuhi nikizungusha ufunguo linatoa “tak” moja basi, au stata inazunguka kwa kujivuta kama betri imekwisha. Nimenunua betri mpya, tatizo liko palepale. Fundi akasema ni stata, nikafunga nyingine ya mtumba, likawaka vizuri siku mbili kisha likarudia. Tukilisukuma linawaka bila shida. Juzi tulipiga stata mara nyingi, kijana wangu akasema anasikia harufu ya plastiki kuungua upande wa kebo za gia, ila hatukuona kitu. Sasa naambiwa nibadilishe swichi ya ufunguo. Nifanye nini kabla sijaendelea kununua?

Jibu: Ndugu yangu, usinunue swichi. Swichi inaharibika kama kitu kingine chochote, lakini katika maelezo yako kuna mambo mawili ambayo swichi haihusiki nayo kabisa: tatizo limeanza giaboksi iliposhushwa, na kuna kitu kinanuka kuungua kwenye kebo za gia. Hilo la harufu umeliandika kama jambo la pembeni, kumbe kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Nina hakika kubwa kwamba ethi ya injini (waya unaorudisha umeme kutoka injini hadi hasi ya betri) ama haikurudishwa, ama imerudishwa vibaya. Lakini uhakika wangu usiuchukulie kama kipimo. Kipimo utakifanya mwenyewe kwa mita ya kawaida, na nitakueleza namna yake.

Kwanza elewa umeme wa stata unapita wapi. Stata ya injini ndogo kama hiyo inapozunguka inakula kati ya ampea 100 na 200. Umeme huo unatoka chanya ya betri kwa kebo nene mpaka kwenye stata. Sasa iangalie stata vizuri: haina waya wa hasi. Hasi yake ni gamba lake lenyewe. Umeme ukishazungusha mota unatokea kwenye gamba, unaingia kwenye chuma cha giaboksi na injini, na kutoka hapo ni lazima urudi kwenye hasi ya betri, la sivyo hakuna kinachozunguka. Injini na giaboksi zimekalia raba, hazigusani na bodi chuma kwa chuma. Kwa hiyo njia pekee halali ya kurudi ni waya wa ethi uliofungwa kwa bolti kwenye giaboksi au injini.

Fundi anayeshusha giaboksi hana budi kuufungua waya huo. Kazi ya klachi ni ndefu, na ethi hurudishwa mwishomwisho, gari likiwa tayari limeshuka kwenye jeki na mwenyewe amesimama pembeni anauliza kama limeisha. Hapo ndipo waya unaposahaulika, au unafungwa juu ya oili na matope yaliyogandana, au unawekwa kwenye bolti nyingine iliyokuwa karibu na mkono, ambayo nayo imeshika bano la bati lenye rangi. Kwa macho unaonekana umefungwa.

Umeme ukikosa njia yake hutafuta nyingine. Kwenye hasi ya betri huwa kuna waya mwingine, mwembamba zaidi, unaokwenda kwenye bodi kwa ajili ya taa na redio. Umeme wa stata unajipenyeza humo: kutoka giaboksi unapanda kwenye kebo za gia, ambazo ndani yake kuna waya wa chuma, unaingia kwenye bodi, unarudi betri kupitia ule waya mwembamba. Kebo za gia hazikutengenezwa kubeba ampea 100. Zinapata moto, na plastiki iliyo ndani yake inaanza kulainika. Harufu aliyoisikia kijana wako ndiyo hiyo. Acheni kabisa kulipiga stata kwa kurudiarudia, kwa sababu mkiendelea mtabadilisha na kebo za gia. Ukishamaliza kutengeneza ethi, ingiza gia zote injini ikiwa imezimwa: kama kuna gia imekuwa nzito kuliko zamani, kebo imeshaumia.

Labda unajiuliza mbona stata ya mtumba ilifanya kazi siku mbili. Wakati wa kuifunga, fundi alifungua hasi ya betri akairudisha, akafungua bolti za stata akazirudisha, akatikisa kila kitu kilicho jirani. Kila unapofungua na kufunga, chuma kinakwanguana kidogo na umeme unapata pa kupita. Baada ya siku mbili za mtetemo na joto, kutu na uchafu vikarudi kwenye nafasi yao. Ndiyo maana kubahatisha kwa kubadilisha vifaa kunadanganya sana katika matatizo ya ethi: karibu kila kifaa utakachobadilisha kitaonekana kimesaidia. Na kuwaka kwa kusukumwa nako kunaelezeka. Plagi, kompyuta ya injini na pampu ya mafuta vinahitaji ampea chache tu, hata ethi mbovu inazipitisha.

Tuje kwenye kupima. Mafundi wengi wataweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye hasi ya betri, mita italia “piiii” na watakuambia ethi iko sawa. Kipimo hicho kwa kazi hii hakifai. Waya wa ethi uliobaki na uzi mmoja wa shaba usiokatika utaifanya mita ilie vilevile, kwa sababu mita inatuma umeme kidogo mno. Ni kidaraja cha mti: mtu kwa miguu anavuka, ukipitisha Fuso kinaanguka. Hesabu yenyewe ni hii. Ukinzani wa omu 0.02, ambao mita nyingi za mtaani haziwezi hata kuuonyesha, ukipitiwa na ampea 150 unakula volti 3. Betri ina 12.6, stata imebaki na 9 na ushei hata kabla hujahesabu betri yenyewe inavyoshuka ikibeba mzigo. Kwa hiyo ethi hupimwa kwa volti, na hupimwa wakati stata imebebeshwa mzigo.

Weka gia huru, vuta handbreki, kisha chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI (ya mfumo wa mafuta ya injini) ili injini izunguke bila kuwaka. Kama huioni kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, chomoa ya pampu ya mafuta. Awepo mtu wa kuzungusha ufunguo. Mita iwe kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Kila jaribio lisizidi sekunde 5, na kati ya jaribio na jaribio ipe stata kama dakika moja ipumzike. Sogeza nywele, kanzu, kamba za jaketi na mikono mbali na mikanda.

Kipimo cha kwanza ni cha betri. Ncha nyekundu iguse kichwa chenyewe cha chanya, ile risasi iliyochomoza kwenye betri, siyo kile kibano cha waya kinachoizunguka. Nyeusi iguse kichwa cha hasi vivyo hivyo. Gari likiwa limetulia tangu usiku, betri iliyojaa inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 usiendelee na vipimo, ichaji kwanza. Sasa mwambie msaidizi apige stata na uangalie namba. Hapa watu wengi wanasoma kinyume. Namba ikianguka mpaka 7 au 8, betri ni dhaifu au stata imekwama na inavuta kupita kiasi. Lakini namba ikibaki juu, 11.5 au hata 12, huku stata inajivuta au inatoa “tak” tu, usiifurahie betri ukaishia hapo. Maana yake umeme hautoki wa kutosha, kuna mahali umebanwa. Betri nzima, stata nzima na njia mbovu hutoa picha hiyohiyo. Kwa gari lako natarajia uone hivyo.

Kipimo cha pili ndicho cha kazi yetu. Ncha nyeusi ibaki kwenye kichwa cha hasi ya betri. Nyekundu iguse chuma kitupu cha gamba la stata, au bolti inayoishika stata kwenye giaboksi. Kwangua kidogo kwa ncha ya bisibisi ili uguse chuma na siyo oili. Piga stata. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani wakati wa kurudi. Ikiwa 0.2 au chini, ethi yako ni nzuri na mimi nimekosea kuishuku. Kati ya 0.2 na 0.5 inavumilika, ila kuna mahali panahitaji kusafishwa. Ikizidi 0.5 ni mbovu. Ukiona 2, 3 au zaidi, acha kutafuta kwingine.

Ukishaijua namba kubwa, usikimbilie kufungua. Itafute ilipo kwa kuhamisha ncha nyekundu hatua kwa hatua, stata ikipigwa kila mara: kutoka kichwa cha betri hadi kwenye kibano chake, kisha hadi kwenye lagi ya mwisho wa waya (kile kipete kinachofungwa kwa bolti), kisha hadi kwenye bolti yenyewe, kisha hadi kwenye chuma cha giaboksi sentimita chache kutoka kwenye bolti. Penye kuruka kwa namba ndipo penye ugonjwa. Ikisoma 0.05 kwenye kibano, 0.1 kwenye lagi, halafu 2.6 kwenye chuma cha giaboksi, waya hauna kosa, kosa ni uso ambao lagi imeukalia. Ikiruka kati ya kibano na lagi, waya umeoza ndani. Na ikiruka kati ya kichwa cha betri na kibano, umeteswa na uchafu ambao ungeufuta kwa brashi ya waya dakika mbili. Fanya pia kwa upande wa chanya, kutoka kichwa cha chanya hadi kwenye nati kubwa ya stata inapofungwa kebo nene. Huko nako isizidi 0.5. Chunga tu ncha ya mita isigusishe nati hiyo na chuma cha jirani, cheche yake si ya mchezo.

Kama huna mita, kuna njia ya mkato ambayo huwa naikubali. Chukua kebo za kubustia betri, tumia moja tu. Funga ncha moja kwenye chuma kinene cha injini, mbali na mikanda na mbali na mabomba ya mafuta, na nyingine kwenye hasi ya betri. Piga stata. Ikizunguka kwa nguvu kama zamani, jibu umelipata. Isipozunguka, usihitimishe kwamba ethi ni nzima, kwa sababu kebo nyingi zinazouzwa barabarani ni plastiki nene yenye nyuzi chache ndani, tena za alumini iliyopakwa rangi ya shaba.

Kutengeneza ni kazi ya spana na msasa, ila ina mahali pake pa kuwa makini. Fungua hasi ya betri kwanza na uirudishe mwisho, ili spana ikigusa bodi usichome kitu. Fungua bolti ya ethi kwenye giaboksi. Safisha nyuso tatu, siyo moja: chini ya lagi, chuma cha giaboksi, na chini ya kichwa cha bolti. Oili itoke kwa petroli au kisafisha breki na uiache ikauke kabisa, halafu msasa mpaka chuma king’ae. Bloku ya injini yako na gamba la giaboksi ni alumini, na alumini ikikutana na shaba kwenye hewa ya chumvi huliwa haraka, hujaa ule unga mweupe. Kwa hiyo tumia lagi iliyopakwa bati, ile yenye rangi ya fedha, na weka washa ya meno (kipete chenye meno kinachokaa chini ya bolti), inauma chuma na kushikilia mtetemo. Kaza vizuri. Grisi au mafuta ya mgando pakaa juu ukishakaza, kuziba unyevu. Ukipaka kwanza halafu ukafunga, unaweza kuacha utando katikati, hasa kwa bolti isiyokazwa sawasawa. Kama kichwa cha betri kina ule ukoko wa kijani na mweupe, uoshe kwa maji ya magadi. Magadi yanaua asidi. Wanaomwagia soda ya kunywa wanasafisha kweli, lakini wanaacha sukari na asidi nyingine pale.

Waya wenyewe uchunguze kwenye shingo, pale plastiki inapoishia na lagi inapoanzia. Ukiwa mgumu kama fimbo au umevimba, rudisha plastiki nyuma kidogo. Shaba nzima ni nyekundu na inang’aa, iliyooza ni nyeusi au kijani na inapukutika ukiisugua kwa kidole. Usiukate ukaunga. Nunua waya mpya wa shaba tupu wa milimita mraba 25, lagi ibanwe kwa koleo la kubania, siyo kwa nyundo. Na ukiwa palepale, ongeza waya mmoja mfupi kutoka injini kwenda kwenye bodi. Ni nyongeza ya bei ndogo, na hata huo mwingine ukija kulegea gari litaendelea kuwaka. Onyo moja kwa watakaosoma jibu hili wakiwa na magari ya karibuni: kama kwenye kibano cha hasi kuna kijiboksi chenye soketi ya waya, hicho ni kihisi cha betri. Waya wowote wa ziada ufungwe kwenye injini au bodi, usifungwe moja kwa moja kwenye kichwa cha hasi, vinginevyo kihisi hakitauona umeme unaopita.

Itakuwaje kama vipimo vyote vya ethi vimetoka safi? Basi rudi kwenye stata ya mtumba, kwa sababu “mtumba” maana yake nayo inaweza kuwa imekuja na ugonjwa uleule. Stata nyingi za Toyota ni za Denso, na ndani ya solenoidi (ile swichi ya umeme iliyoshikana na stata, inayotoa “tak”) kuna vipande viwili vya shaba vinavyoliwa taratibu kwa cheche. Vikiisha, unapata “tak” moja safi, taa za dashibodi zimewaka vizuri, na ukirudia mara tano ya sita inashika. Vinabadilishwa vyenyewe, huhitaji stata nzima. Kama hakuna hata “tak”, hapo sasa ndipo swichi yako ya ufunguo inaingia kwenye orodha, pamoja na rilei, swichi ya pedali ya klachi kama gari lako linayo, na alamu au swichi ya siri iliyofungwa na mtu wa mtaani. Pima waya mwembamba wa solenoidi ufunguo ukiwa umezungushwa: ukifika volti 10 au zaidi, swichi imefanya kazi yake, muache apumzike aliyekuambia uibadilishe. Wewe unasikia “tak”, maana yake ishara inafika.

Kuna jambo la samaki pia. Maji ya barafu yenye chumvi yanayovuja nyuma hayafiki kwenye ethi ya giaboksi, lakini yanatembea chini ya kapeti hadi kwenye bolti za ethi za taa za nyuma na ya pampu ya mafuta. Dalili zake ni tofauti na unazoziona sasa: stata itazunguka kwa nguvu zote na injini haitawaka, au ukikanyaga breki usiku indiketa zitawaka zenyewe kwa mwanga hafifu. Inua kapeti ya nyuma siku utakayokuwa na spana mkononi. Ukikuta bolti imeota kutu na waya mweupe wenye mstari mweusi umefungwa hapo, isafishe kama nilivyoeleza na uipake grisi nzito juu. Na kama bati la chini limeshatoboka na unataka lichomelewe, mwambie fundi wa kuchomelea atoe hasi ya betri na aweke kibano chake cha ethi karibu kabisa na anapochoma, ili umeme wa mashine usikatize kwenye kompyuta ya injini.

Ukipima, niandikie namba tatu: volti za kichwa kwa kichwa cha betri wakati stata inapigwa, hasi ya betri hadi gamba la stata, na chanya ya betri hadi nati kubwa ya stata. Picha ya bolti ya ethi kabla hujaisafisha itanisaidia zaidi kuliko picha ya stata.